Mama Alipokwenda Kusomea Akili

Mama alianza kusomea kazi ya kuwatunza wagonjwa wa akili katika umri ambao wanawake wengine hulea wajukuu. Wakati huo alikuwa akifua mashuka katika hospitali moja ya misheni upande wa Nyeri. Watu waliovurugika walikuwa wakiletwa kutoka kambi za kizuizini na vijiji. Wengine hawakulala kabisa na wengine hawakujua wako wapi, na wauguzi vijana waliiogopa wodi yao. Ndipo hospitali ikaamua kuchukua wanawake sita wa makamo, iwafundishe kukaa na wagonjwa hao na kuwasikiliza. Mama aliomba awe mmoja wao. Hakuomba kwa ajili ya wale wa wodini. Aliomba kwa ajili ya baba.

Baba alichukuliwa na askari kupelekwa kizuizini nikiwa na miaka kumi na miwili. Alirudi baada ya miaka minne, akashushwa na lori kwenye lango la kijiji. Zamani alikuwa fundi seremala, mtu wa kupiga mluzi akiwa na randa mkononi. Sasa alirudi bila neno. Alikula akiambiwa ale, alilala akiambiwa alale. Hakutuita kwa majina, mimi wala mama. Miezi ikapita, na nguo zake zikazidi kuwa kubwa kwake.

"Anaondoka nikimwangalia," mama aliniambia siku moja tukichota maji. "Na mimi sijui pa kumshikia."

Kijiji chetu ni kile tulichohamishiwa kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari, nyumba zimepangwa mistari kama viazi, handaki pande zote na lango moja. Mama alipewa pasi ya kutoka asubuhi na kurudi jua likiwa bado juu. Langoni gadi, walinzi wa serikali ya mkoloni, walikuwa wakipekua kikapu chake kila siku, na mmoja wao hakuchoka kumtania.

"Mama, nasikia siku hizi unasomea wazimu. Ukimaliza uanze na mimi."

"Wewe siwezi kukuanza," mama alimjibu. "Wewe ni wa daktari mkubwa."

Walicheka wote, hata yeye gadi, na mama akapita.

Mkufunzi wao alikuwa muuguzi mwanamume kutoka magharibi ya nchi, asiyejua lugha yetu, kwa hiyo masomo yalikuwa ya Kiswahili. Jioni mama alinisimulia kila alichofundishwa ili asisahau. Usibishane na mgonjwa. Usimcheke. Mketi mkitazamana, kiti kwa kiti, aone uso wako. Muulize polepole. Andika anachosema kwa maneno yake, si yako. Kila mwanamke alitakiwa kuchagua mgonjwa mmoja na kuleta daftari lake kila Jumatatu.

Mama aliweza kusoma kidogo, lakini kuandika hakujua. Alimwambia mkufunzi, "Niko na msichana nyumbani. Mkono yake ni ya pole sana, lakini anaandika."

"Basi aandike yeye," mkufunzi akasema. "Pole si neno. Nyinyi wamama kazi yenu ngumu ni moja tu, kunyamaza mtu akiongea."

Hakuulizwa mgonjwa wake ni nani, naye hakusema.

Tulianza Jumapili mchana, kwa sababu siku hiyo hatukupelekwa kuchimba handaki. Mama alifagia, akaweka vigoda viwili vikitazamana. Mimi niliketi kando, na sanduku la mbao magotini badala ya meza. Baba aliambiwa aketi, akaketi. Nilifungua daftari, nikashika kalamu.

"Umeamkaje leo?" mama akamuuliza, kwa sauti ile ya kufundishwa. "Jana ulikuwa unawaza nini?"

Baba alimtazama. Kisha akanitazama mimi, akaitazama kalamu. Akashuka kutoka kwenye kigoda, akachutama sakafuni, akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Nitasema yote, bwana," akasema.

Hapa sina budi kueleza, maana watakaozaliwa baadaye huenda wasijue. Sisi sote tulichujwa, yaani tulihojiwa mmoja mmoja nani alikula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Mama alichujwa, mimi mwenyewe nilichujwa katika uwanja wa shule niliyoacha nikiwa darasa la nne. Kila mara walikuwa wawili: mmoja anakaa mbele yako na kuuliza, mwingine anakaa kando na kitabu. Hakuna mtu huku kwetu asiyejua jinsi vile viti vinavyopangwa. Na bado tulivipanga sisi wenyewe, tukafagia kwanza, na hatukuona.

Baba aliongea. Sauti ilikuwa ileile ya zamani, na mimi nilikuwa nimeingoja miaka minne. Alisema nani alikula kiapo, katika nyumba ya nani, nani alisimama mlangoni. Alimtaja ndugu yake. Alimtaja jirani yetu wa mkono wa kushoto, ambaye wakati huohuo tulikuwa tukimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Kisha akamtaja mama.

Na mimi niliandika. Ningesema nililazimishwa, lakini sikulazimishwa. Mama alikuwa amekauka pale kwenye kigoda, mkono mdomoni. Niliandika kwa sababu lilikuwa neno la baba na sikutaka lipotee. Nilikuwa nyuma yake kwa majina mawili au matatu, naye akawa ananingoja.

"Umefika hapo, karani?" aliniuliza, kwa heshima sana.

Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea.

Alipomaliza, mama alininyang'anya daftari.

"Umeandika na jina langu?"

"Ndiyo, mama."

"Mtoto wewe."

Alizichana zile karatasi, nne, akazisukuma chini ya chungu cha githeri, akazikoroga kwa kijiti mpaka zikawa majivu. Hakuniambia kama majina yale yalikuwa ya kweli, na sikumuuliza.

Tulipogeuka, baba alikuwa amelikunja blanketi lake na kulifunga kwa kamba. Aliketi mlangoni nalo mapajani. Kule kambini, aliyekiri alipandishwa lori na kupelekwa kambi nyingine iliyo karibu zaidi na kwao, halafu nyingine, mpaka siku ya kuachiliwa. Yeye alikuwa amekiri. Sasa alingoja lori.

"Nimemaliza, karani," akaniambia. "Nitapelekwa nyumbani lini?"

Mama alipiga magoti mbele yake. "Uko nyumbani, baba wa watoto. Mimi ni mke wako."

"Asante, mama," baba akamjibu, kama anavyojibiwa mwanamke yeyote njiani, akasogea kidogo ili mama asimzibie barabara.

Jumatatu mama alikwenda hospitali na daftari lililochanwa karatasi. Mkufunzi alimuuliza ziko wapi. Akamweleza yote ila majina.

"Mgonjwa huyu ni nani yako?"

"Ni bwana yangu."

"Ungeniambia tangu mwanzo ningekukataza."

"Ndiyo maana sikukuambia," mama akasema. "Sasa nifanye nini, mwalimu?"

Mama anasema yule mkufunzi alivua miwani yake, akaipangusa. "Sijui, mama," akasema. "Hii haiko kwa kitabu yangu."

Hakumfukuza. Alimpa mgonjwa mwingine, mwanamke aliyekuwa akiuza viazi sokoni Karatina, aliyefunga mdomo tangu watoto wake walipokufa. Mama hakuketi mbele yake. Aliketi ubavuni, wakamenya viazi vya jikoni wote wawili wakitazama upande mmoja, bila daftari. Wiki ya tatu yule mwanamke alisema kisu hakikati. Siku iliyofuata akasema mengine. Mkufunzi aliwaita wale watano wengine waje waone mama anavyofanya.

Basi mama alijaribu vilevile nyumbani. Aliketi kando ya baba na ungo wa maharagwe, wakapukuchua. Baba alipukuchua haraka na vizuri, akainama juu ya ungo, na alipomaliza alisema, "Kuna mengine, mama?" Akiletewa, alipukuchua hayo pia. Yakiisha, alirudisha blanketi mapajani. Mvua iliponyesha hakuingia ndani asije akaachwa na lori. Alianza kukohoa, na chakula akawa anakirudisha nusu.

Ndipo mama akanijia na kalamu. "Mwandikie barua ya kuachiliwa."

"Si mlifundishwa msimdanganye mgonjwa?"

"Mwalimu hamsikii akikohoa."

Niliandika asubuhi nzima. Niliandika kwamba mtu huyu amemaliza, hana kosa, na aruhusiwe kuingia nyumbani kwake. Mama alikuwa ameshakwenda kazini nilipompelekea baba barua hiyo. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mara mbili.

"Umeandika vizuri, karani," akasema. "Lakini haina muhuri. Tena hukuandika napelekwa wapi."

"Niandike wapi?"

Akataja kilima chetu cha zamani, ng'ambo ya mto, tulikobomolewa nyumba. "Huko wananijua. Nina mke, ni mtu wa maneno mengi. Na nina binti mmoja, huyo haongei mbele ya watu. Ukimtuma kwa jirani anasimama nje mpaka aulizwe ametumwa nini."

Nilichuchumaa karibu naye ili nisilazimike kusema kwa sauti kubwa.

"Baba," nikasema. "Ni mimi."

Alinitazama usoni kwa muda, kwa makini, kama alivyokuwa akitazama ubao kabla ya kuukata. Kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemwogopa mkubwa.

"Usinifanyie mzaha, karani," akasema. "Wa kwangu bado ni mdogo." Akainua mkono kutoka kwenye blanketi, akanionyesha urefu wake.