Hita Iliyovalishwa Kitambaa

Juzi nilipita kwenye duka la mitumba pale Umbilo, hapa Durban, nikaiona hita ya gesi, ile ya sanduku la bati lenye magurudumu, mtungi unakaa ndani kwa nyuma. Muuzaji alidhani naitaka. Kumbe nilikuwa naitazama kwa hasira tu, kwa sababu ilinikumbusha Enjinia.

Nikuambie mapema, rafiki yangu, Enjinia hakuwa enjinia. Alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mrundi kama sisi, mwenye shati lililochomekewa vizuri na bisibisi mfukoni, mahali ambapo wenzake huweka kalamu. Aliitengeneza redio ya mchungaji ikanyamaza moja kwa moja. Aliitengeneza pasi ya mama ikaanza kupiga shoti. Na bado kikiharibika kitu, jengo zima lilisema mwiteni Enjinia. Nadhani lile shati ndilo lililokuwa cheti chake.

Ilikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa huku Afrika Kusini. Tuliishi katika flat ya chumba kimoja kikubwa tulichokigawa kwa mapazia, nami nililala na Bibi kitanda kimoja. Baridi ya Durban si kitu, watu husema, lakini kuta zetu zilitoa unyevu, na kila Juni kifua cha Bibi kilianza kubana. Shangazi yangu aliyeishi Chatsworth, kitongoji cha mbali na kwetu, alishasema wazi kwamba nyumba ikiendelea kuwa baridi hivi, atakuja kumchukua. Ndipo baba akanunua hita. Jioni zile zilikuwa tamu: maharage yanatokota, sombe ya majani ya muhogo inanukia mawese, taxi zinapiga honi huko chini barabarani, na Bibi amenyoosha viganja mbele ya moto ananisimulia mambo ya kwao.

Sasa, kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Televisheni ilikuwa na kitambaa cha kufuma, friji ilikuwa na chake, hata mgongo wa kila kochi. Bibi akaifumia hita kitambaa cheupe chenye pindo la njano, kikafunika matundu yote ya juu yanakotokea joto. Wageni wa maombi ya Jumapili wakakisifu sana. Hita nayo ikaanza kujizima yenyewe.

Enjinia akaitwa. Kwa heshima ya fundi, mama aliondoa kitambaa na kukikunja kabla hajaingia. Hita ikawashwa, ikawaka vizuri muda wote aliokaa akila. Alipuliza hiki, akagonga kile, akasema gesi ya nchi hii ni mbaya, akaaga. Bibi akarudisha kitambaa, na hita ikazima. Hivyo hivyo aliporudi mara ya pili, tena kwa sahani kubwa zaidi. Mama, ambaye hakuwa mjinga, akamuuliza kama kitambaa hakizuii joto kutoka.

Enjinia alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Maman, kitambaa iko na akili ya kuzima gaz? Tuachie sisi watu wa teknik."

Kisha akafungua mgongo wa hita, akakuta kidude kidogo cha duara chenye nyaya mbili. Akakikata, akazisokota zile nyaya pamoja. "Hii ndio ilikuwa inawasumbua. Sasa iko sharp."

Kilikuwa kidude cha kuzima gesi joto likizidi. Katika jengo lile lote, ndicho pekee kilichokuwa kinajua kazi yake, na yule mpumbavu alikitupa kwenye pipa la taka.

Bibi akarudisha kitambaa, na safari hii hita haikuzima tena. Jumamosi mchana kitambaa kilishika moto, pazia likafuata. Mama alikimbia na beseni la maji ya kufulia akamwaga, akafunga mtungi, akatutoa nje. Hakuna aliyeungua, ila Bibi alikuwa amemeza moshi mwingi, akakohoa mpaka akashindwa kusimama. Kesho yake shangazi alikuja na gari.

Enjinia naye alikuja kutupa pole. Alikaa kwenye kochi letu, Bibi akiwa papo hapo anasubiri mizigo yake ipakiwe, naye Enjinia akasema: "Eish, mimi nilisema tangu mwanzo, ni kile kitambaa." Mama akafungua mdomo. Baba akamkatisha kwa macho, kisha akamsogezea mgeni nyama. Adabu ile naidharau kuliko bisibisi ya Enjinia.

Siku hizi flat ile imepakwa rangi, wapangaji ni wanafunzi, na vitambaa vya kufuma sivioni tena kwa mtu yeyote. Sivililii sana. Ninachokililia ni mikono ya Bibi, maana kule Chatsworth haikushika tena uzi. Mama alimweleza habari ya zile nyaya, akamweleza tena na tena. Bibi alimjibu kwamba si vizuri kumsema vibaya mtu aliyesoma, aliyetusaidia bila kudai kitu.

Kila likizo tulipomtembelea, wakati wa kuaga alinishika mkono akaniomba nimsamehe kwa kuwa nusura anichome moto kwa kitambaa chake. Nilimwambia si wewe, Bibi. Alitikisa kichwa, akaniambia nikifika nyumbani nimsalimie Enjinia. Alifariki akiwa bado anamsalimia.