Fimbo Iliyoshika Turubai

Kwa miaka kumi na tisa Ngeleka alitunza meza ya biliadi na fimbo zake katika klabu ya wafanyakazi wa mgodi, pale Dilala, mjini Kolwezi. Jasho la mikono huharibu mti, kwa hiyo mchezaji akimaliza tu, Ngeleka aliipangusa fimbo kwa kitambaa kikavu kutoka kitako hadi nchani. Kile kipande cha ngozi cha nchani kikikakamaa, alikikwangua taratibu kwa msasa. Mara moja kwa mwezi alipaka mafuta, matone mawili, si zaidi. Ole wake aliyeegemeza fimbo ukutani ikapinda! Hata awe injinia, alifokewa.

Fimbo moja ilikuwa yake mwenyewe, zawadi ya Mbelgiji mmoja aliyerudi kwao.

Mwaka 1993 vijana walikuja kuwafukuza watu wa Kasai. Ngeleka alizaliwa hapohapo Kolwezi. Aliyeletwa mgodini kutoka Kasai alikuwa baba yake. Haikusaidia kitu. Kati ya wale vijana alisimama Kyungu, mtu mzima, aliyecheza naye biliadi kila Jumamosi.

«Tata Ngeleka, mukwende kwenu,» Kyungu alisema, akimwita baba kama siku zote, macho chini.

«Kwetu ni wapi, Kyungu?»

Walitoka na sufuria, turubai, magodoro mawili na ile fimbo: yeye, mkewe Tshibola, na binti yao Mignonne, mjamzito wa miezi minane, ambaye mumewe alikuwa amepotea katika fujo za juma lililotangulia.

Stesheni ilikuwa imejaa maelfu ya watu. Wiki tatu walilala kwenye sakafu ya saruji isiyo na paa wakingoja treni ya kwenda Kasai. Mvua iliponyesha walijifunika turubai kama blanketi. Fimbo Ngeleka aliiviringisha ndani ya shati lake la pekee la kubadilisha, akailaza kati ya magodoro. Tshibola alimtazama.

Mchana mmoja mvua ilikuja kwa nguvu, na uchungu ukamshika Mignonne. Mama Agnès, jirani yao wa pale sarujini, alipiga magoti kumsaidia. Maji yalikuwa yanamwagikia wote.

«Leta ile fimbo,» Tshibola alisema. «Tuinue turubai.»

«Itaharibika.»

«Tata Mignonne! Mutoto wako anakufa, na weye unachunga muti?»

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Aliifungua. Saruji haichimbiki, fimbo haikuweza kusimama yenyewe, basi aliisimamisha kwa mikono miwili katikati ya turubai na kugeuza uso. Maji yalikusanyika juu, yakalemea. Alisikia mti ukijikunja viganjani mwake.

Ndipo honi ikalia.

«Treni inakuya!» watu walipiga kelele. Stesheni nzima ilikimbia. Waliruka vifurushi, walimkanyaga miguu, mtu mmoja karibu aangushe turubai. Mulumba wa mtaani kwao alimwita kutoka mlango wa behewa: «Ngeleka! Kimbia! Nafasi iko!»

«Usiondoshe mikono,» Mama Agnès alisema bila kuinua kichwa. «Shika tu.»

Alishika. Treni ilijaa mpaka juu ya paa, ikaondoka. Aliisikia ikienda mpaka hakuisikia tena, na hapo ndipo mtoto alipolia. Wa kike. Tshibola alicheka na kulia pamoja. Mama Agnès hakucheka. Alikuwa akikamua vitambaa, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu.

«Haikatike,» alinong'ona. «Damu haikatike.»

Daktari hakupatikana, gari halikupatikana. Mignonne aliomba maji, kisha hakuomba kitu tena. Walimzika kesho yake.

Treni nyingine ilifika baada ya siku kumi na moja. Mama Agnès, aliyekuwa akiwangoja wanawe, hakupanda. Ngeleka alimwachia turubai na fimbo iliyopinda, akapanda behewa la mizigo akiwa amembeba mjukuu aliyeishi kwa maji ya sukari, amepungua, mwepesi kuliko mkate. Treni haijafika stesheni ya Tenke, Tshibola alikuwa ameshaanza kupita juu ya miguu ya watu, behewa zima, akiuliza kila mwanamke:

«Mama, uko na maziwa? Kidogo tu. Uko na maziwa?»