Majani ya Mkunazi wa Bibi

Juzi Kariakoo nimeona makunazi kwenye sinia, siku hizi ni makubwa lakini ladha hakuna, nikaikumbuka alasiri moja. Uani kwetu Ilala bibi alikuwa na mkunazi, na hakuupogoa mpaka matunda yaishe. Siku hiyo akaukata ukiwa na makunazi mabichi.

"Bibi, unayamaliza!" nikalia.

"Nyamaza, mume wangu. Nataka majani ya mama yako."

Mama alikuwa amelazwa hospitali, basi nikadhani ni dawa. Nikachuma, miiba ikinichana, bibi akitwanga na maji, povu likinuka kama sabuni. Leo najua: sisi Waislamu maiti zetu tunaziosha kwa majani yale. Lakini mimi nilijaza beseni, nikauliza, "Yanatosha kumponya?"

"Yanatosha," akasema bibi, akauweka mchi chini.