Mstari Mwekundu Juu ya Skrubu

Mwaka 1993, majani ya miti yakipukutika nami nikiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, niliingia kazini katika karakana ya bunduki za shabaha, nyuma ya Edgware Road. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 4 Oktoba. Mume wangu alikuwa amefariki mwezi wa Machi, na eda nilikuwa nimeimaliza. Cheti changu cha ufundi wa vyombo vya macho nilikipata ukubwani, kwa masomo ya jioni, na siku ile nilikishika kama mtu ashikavyo pasipoti mpakani.

Meneja, Mwingereza asiyependa maneno mengi, alinikabidhi kwa Fundi Mkuu, Mpunjabi wa Southall aliyezaliwa Nakuru. Aliposikia jina langu, aliacha Kiingereza palepale, akaingia Kiswahili.

"Karibu mama! Sasa tutawasengenya hawa mbele ya macho yao."

Nilicheka. Nilidhani nimepata ndugu.

Vijana huniuliza kazi yenyewe ilikuwaje. Bunduki ya pointi ishirini na mbili, yaani yenye tundu la chini ya robo inchi, hupiga risasi ndogo, isiyo na kasi kubwa. Shabaha ikiwa mbali, yadi mia mbili hivi, risasi hushuka sana kabla ya kufika, kwa hiyo mtutu sharti unyanyuliwe. Darubini ina kifundo cha kupandishia shabaha, lakini kifundo kina mwisho wake. Ndiyo maana tuliifunga juu ya reli yenye mwinamo, nene upande wa mpigaji, ili tusianze safari tukiwa tumeshafika ukingoni.

Ndani ya darubini mna msalaba wa nyuzi nyembamba. Ukikaa upogo, kila ukipandisha kifundo risasi hukimbilia pembeni. Wengine waliunyoosha kwa jicho. Mimi nilitundika timazi ukutani, kama la waashi wa Unguja, nikaibana bunduki wima, kisha nikaulinganisha msalaba na uzi. Nilipokwisha kukaza pete zinazoishika darubini, nilipitisha mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye pete. Skrubu ikizungushwa, mstari hukatika. Chupa ilikuwa yangu. Tangu kufiwa sikuwa na kucha za kupaka.

"Mama, unaozesha bunduki?" Fundi Mkuu alinitania. "Mahari kiasi gani?"

"Kubwa kuliko mfuko wako, baba."

Mwezi wa Mei 2008, Kanali mstaafu, mwanachama mzito wa klabu tuliyoihudumia, alishindwa katika mashindano. Risasi zake zilitawanyika kama mtama uliomwagika. Akasema mbele ya watu kwamba yule bibi Mwafrika hajui kukaza skrubu. Meneja aliniondoa mezani, akaniweka kwenye kufunga vifurushi, hadi kamati ya klabu iamue. Nikipatikana na kosa, kazi sina, na jina sina.

Niliomba kuiona bunduki. Mistari yote ilikuwa imekatika. Nikamwendea Fundi Mkuu, kwa kuwa ndiye aliyemkabidhi Kanali bunduki hiyo.

"Umeifungua."

"Kanali aliona msalaba umepinda, mama. Nikamnyooshea kidogo tu, kwa jicho, nikarudisha skrubu haraka haraka."

"Kanali hulaza bunduki upande anapoiweka begani. Msalaba ulikuwa wima. Aliyepinda ni yeye."

"Najua. Lakini nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nyamaza, yataisha."

Sikunyamaza. Nilimweleza Meneja. Fundi Mkuu akaitwa, akajibu kwa Kiingereza safi kwamba hakuigusa. Meneja akanitazama kama mtu aliyetiwa chumvi katika chai yake.

Leo watu huniambia nishukuru kwamba nilisafishwa. Aliyepakwa tope hadharani, akaoshwa uani, hana mengi ya kushukuru.

Kamati ilikaa Alhamisi, tarehe 12 Juni 2008. Mwenyekiti aliiweka bunduki ya Kanali kando ya nyingine niliyoifunga miaka sita nyuma, ambayo mistari yake ilikuwa mizima. Akatamka: "Bunduki hii ilifunguliwa baada ya kutoka mezani kwa fundi. Fundi hana lawama." Ni nani aliyeifungua, hakusema wala hakuuliza. Kanali alikuwa akifunga vifungo vya koti.

"Jumatatu urudi mezani kwako," Meneja akaniambia mlangoni.

Fundi Mkuu akanisogelea, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kama siku ya kwanza. "Si nilikuambia, mama? Yameisha."

Nikaitoa ile chupa ya rangi ya kucha mkobani, nikamtia mkononi.

"Shika, baba. Sasa ozesha mwenyewe."

Kisha nikamgeukia Meneja, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti, asije akapatikana mtu wa kusema hakusikia, kwamba Jumatatu asinitarajie.