Ukoo wa Tempus

Bibi yangu mzaa baba, kule Sengerema, alikuwa na jogoo aliyewika jua likiwa utosini. Majirani walimwambia amchinje, jogoo wa namna hiyo analeta mkosi. Bibi akasema, "Mwacheni, ana saa yake." Alipomchinja mwishowe nyama ilikuwa ngumu kama kandambili, na mimi nikapewa firigisi, kitu ambacho mtoto hapewi.

Lakini sikutaka kusema habari za jogoo. Nilitaka kusema habari za muda, na huo ndio tuliosomeshwa na mwalimu wa tuisheni.

Tulikaa Igoma, ng'ambo ya pili ya ziwa. Ilikuwa miaka ile ya tisini, soko huria limeingia, viwanda vya pamba vinafungwa, vya minofu ya sangara vinafunguliwa, na kila mzazi anataka mwanawe ajue Kiingereza. Mwalimu alikuwa Mhaya, aliacha seminari kabla ya upadri. Kwa nini, hakusema. Alifundisha barazani kwake, anaandika kwa chaki kwenye mlango wa bati uliopakwa rangi nyeusi, huku mkewe anakaanga senene na sisi tunameza mate. Alisema maneno ya Kiingereza yana mababu, Walatini na Wagiriki, na ukishamjua babu hupati taabu na wajukuu. Maneno ya muda akayagawa koo mbili, nasi akatugawa humo. Mimi nikawa Tempus, muda wa Walatini. Wengine wakawa Kronosi, muda wa Wagiriki. Halafu akaweka utani kati yetu, kama ule wa makabila.

Nakuambia, palikuwa na raha pale.

"Ninyi Kronosi, mtoto wenu ni chronic, ugonjwa sugu! Haponi huyo!"

"Na wa kwenu je? Temporary! Kibarua! Kesho anafukuzwa!"

"Afadhali kibarua kuliko kidonda ndugu!"

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamteleza.

Sasa, baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye pamba, akakaa mwaka mzima anatengeneza redio za watu, nyingine hazikusema tena. Siku moja akarudi na karatasi ya kiwanda cha samaki, ina mhuri. Akatuma salamu kwa bibi: nimepata kazi ya kudumu, uza ng'ombe, tumalizie nyumba, uje ukae nasi. Kama aliamini au alitaka tu kuamini, mpaka leo sijui. Kiingereza hakukijua. Mhuri aliujua.

Bibi akavuka kwa kivuko cha Busisi na kapu la michembe, vile viazi vikavu vya kwetu. Ng'ombe hakuwauza. "Ng'ombe hauzwi kwa salamu," alisema, "nimekuja kuiona hiyo kazi." Jumapili mchana, tumekwisha kula ugali na sato, akanigeukia.

"Mjukuu wangu, si unasoma? Nisomee."

Baba akanipa karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Nikapitisha macho, nikaliona neno letu limekaa katikati. Nikaruka kwa furaha.

"Bibi, huyu wa kwetu! Temporary! Kibarua! Kesho anafukuzwa!"

Kwa sauti ileile ya barazani. Nilikuwa nacheka.

Hakuna aliyecheka nami. Bibi alifunga kitenge chake upya. Kesho yake asubuhi akasema ng'ombe wake wana ndama, hawezi kuwaacha, akarudi kivukoni. Baba aliniambia neno moja tu, taratibu kabisa:

"Kumbe mimi na wewe ni watani?"

Kiwanda kilimtoa baada ya miezi mitatu. Maziwa ya ng'ombe wale wale ndiyo yaliyotulisha, kwa hiyo nilisema kweli, na kweli ile ilitufaa. Ila nyumba haikupata bati, na bibi alikufa Sengerema bila kulala kwetu tena. Siku hizi daraja lipo, unavuka hata michembe hujamaliza kutafuna. Baraza ya mwalimu ni duka la simu. Mlango ule sijui nani aliuchukua.

Jumatatu ile nilikwenda kusoma kama kawaida. Kronosi mmoja akanipokea kwa kelele, akanitia chaki mkononi, "Haya Tempus, leta neno!" Wote wakanigeukia wanangoja kucheka. Nilikuwa nalo. Nikaweka chaki dirishani, nikashuka ngazi.

"Unakwenda wapi wewe?" mwalimu akaita.

Nikamjibu nakwenda kunywa maji.