Siku Tuliyoomba Radhi kwenye Nyumba Tupu

Nusu ya kisa hiki nilikuwamo mwenyewe. Nusu nyingine alinisimulia bibi Malaea mchana wa siku ileile, tukiwa tumeshiba na kulegea.

Jumatatu hiyo jua lilinikuta nimefunikwa gubigubi kwa mkeka, nje ya nyumba ya watu, mjukuu wangu Pesamino kanibana ubavuni. Na lilivyo jitu lile!

Mbona hivyo? Subirini, nafika.

Pesamino ni mchezaji wa raga. Alianza peku kwenye kiwanja cha kijiji, mpira wenyewe chupa ya plastiki. Sasa timu moja ya Ufaransa ilikuwa imemwita, ndege ni Jumanne asubuhi.

Jumamosi akaenda kuaga kwa mechi na kijiji jirani. Wakaangukiana wote, lundo moja. Walipoinuka, Uelese wa upande wao, mjukuu wa Malaea, taya limekwenda upande. Akamnyooshea kidole Pesamino.

Pesamino aliniambia hakumbuki kumpiga mtu. Lakini kwenye lundo lile, nani anajua goti lake liko wapi?

Machifu wetu wakasema ukoo wa Uelese usipomsamehe, ndege ataisikia angani tu.

Basi ikawa ifoga. Kwetu mkosaji huenda alfajiri na ukoo wake, wamebeba kuni na mawe ya tanuri, maana yake tupikeni mkitaka. Anakaa nje ya nyumba ya aliyekosewa, kafunikwa mkeka laini wa ukoo. Hainuki mpaka mwenye nyumba aseme mkeka uondolewe.

Tulifika kiza hakijaisha, mapazia ya nyumba yameshushwa. Mimi na Pesamino tukajifunika, wengine wakainama nyuma yetu.

Hakutoka mtu.

Majogoo wakawika mpaka wakachoka. Nguruwe akaja, akaninusa mguu, akaenda zake.

Pesamino akaninong'oneza, "Bibi, hawa wamekasirika kweli. Hata kukohoa hawakohoi."

"Nyamaza, utubu."

Mgongo unawaka. Nikasema moyoni, safari ya Ufaransa ndiyo hii inaishia kwenye nyasi.

Mara nikasikia fagio. Ni Fetu, jirani wa pale. Akauliza tunamsubiri nani. Nilipomwambia, akacheka mpaka akakaa chini. Nyumba nzima, akasema, walipanda gari kabla hatujafika, na kuni, na mkeka.

Nikamwomba apige simu, anipitishie chini ya mkeka.

"Malaea, mko wapi?"

"Niko nje kwako, mwenzangu, nimejifunika mkeka. Magoti yamekwisha."

"Na mimi niko nje kwako, nimejifunika mkeka."

Malaea akashusha sauti. 

"Pesamino hakumgusa. Uelese amekiri jana baada ya ibada. Goti lilikuwa la kaka yake wa tumbo moja, akaona aibu kumtaja. Wakosaji ni sisi."

Pesamino akashusha pumzi, mkeka ukapepea.

Nikamwambia Malaea aje. Akasema hainuki mpaka nimfunue mimi. Na mimi siwezi kuinuka, machifu wanataka mkeka uondolewe na ukoo wake. Tukabishana pale, vikongwe wawili chini ya mikeka, kila mmoja uani kwa mwenzake.

Mwisho Malaea akamtuma Fetu atufunue kwa niaba yake. Fetu akajitetea kwamba yeye ni wa ukoo mwingine.

"Fagio umeliweza," Malaea akamjibu kwenye simu, "mkeka utakushinda?"

Akatufunua. Tukarudi mbio, nikamfunua Malaea kwa mikono yangu. Uelese alikuwa pembeni yake, taya limefungwa kitambaa, machozi yanamtoka. Pesamino akamvuta mkono akamwinua.

"Ungesema mapema ni kaka yako. Tungemsajili kwetu."

Uelese akataka kucheka, taya likakataa.

Machifu wakaridhika. Kuni za koo mbili zikapika nguruwe mmoja. Huko Ufaransa sasa Pesamino ana msimu wa sita, na Uelese humpigia simu kila baada ya mechi kumwambia alivyocheza vibaya.

Wajukuu zangu mnaosoma, mkikosa wahini kuomba radhi. Ila pigeni simu kwanza.

Siku ile baada ya kula, kila mtu akajinyoosha alipokuwa. Vijana wale wawili walianza kukoroma mapema. Malaea akanihadithia Uelese alivyokiri, walivyogombania nani akae mbele garini, na katikati ya neno akasinzia.

Nikamfukuza nzi usoni pake, nikaegemea nguzo, nami nikalala.