Kiboko Kwenye Karatasi ya Karanga

Katika stesheni ya Kilosa, binti wa shule alimaliza karanga, akakunjua karatasi, akacheka. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha watoto: kiboko mwenye mabawa amekwama juu ya wingu, akilia.

"Bibi, naomba nyingine. Ile ambayo kiboko anashuka."

"Mjukuu wangu, nauza karanga, siuzi viboko."

Hata hivyo bibi muuza karanga alimsogezea kapu. Binti alichungulia vifuko vyote, lakini treni ikapiga honi, akakimbia kupanda.

Mimi niliyekuwa nimesimama kando nilinunua vifuko vilivyobaki. Nyumbani wanangu walikula karanga, nami nikanyoosha karatasi kwa kiganja. Katika kurasa zote kiboko hakushuka.

Kijijini kwetu Chanzuru tuna vitabu vya ushauri wa mbolea tu, havisomwi, havijang'oka hata ukurasa. Ila wingu likipita juu ya Chanzuru, mimi huinua macho nikitafuta miguu minene inayoning'inia.